Jumba la mikutano katikati ya Nairobi: liwekwe wapi, lijengwe vipi

Wazo la kujenga jumba jipya la mikutano mjini Nairobi halikosi wa kulileta. Huja na picha safi: paa la kupinda, chemchemi ya maji, watu wenye suti wakitembea pasipo na matatu hata moja. Baadaye huitishwa kikao cha kutoa maoni, kila mtu anapewa dakika mbili za kuzungumza, na wengi huzimaliza wakiusifu mchoro au kuulaani. Mwongozo huu nimewaandikia wanaoketi kwenye viti vile vya plastiki: mwakilishi wadi, katibu wa chama cha wenye maduka, mhandisi kijana wa kaunti, mkazi wa Ngara au Muthurwa. Riziki yangu hutoka kwa kuandaa makongamano na maonyesho, kwa hivyo nazungumza nikiwa mtu anayeyatumia majumba haya. Msimamo wangu ni kwamba mikutano itangulie, kiwanja kifuate, mchoro uje mwisho. Mpangilio huo ukigeuzwa, wananchi ndio hubaki wakilipia kumbi zilizofungwa.

Hatua ya kwanza: dai kalenda

Kabla mtu hajataja kiwanja, ataje mikutano. KICC yenyewe, jumba la mikutano lililopo sasa katikati ya mji, ilikua hivyo. Ujenzi ulipoanza mwishoni mwa miaka ya 1960, lililokusudiwa lilikuwa jengo la makao makuu ya KANU, chama tawala cha wakati huo, dogo kuliko hili tunaloliona. Kenya ilipokubali kuandaa mkutano wa mwaka wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha Duniani wa Septemba 1973, wa kwanza kufanyika barani Afrika, mpango ukapanuliwa. Wasanifu Karl Henrik Nøstvik kutoka Norwe na David Mutiso, Mkenya, wakatupatia mnara na ukumbi wenye paa la umbo la pia ambao hadi leo ndio sura ya mji. Wageni walijulikana, tarehe ilijulikana, na jengo likapimwa kwa mahitaji hayo.

Basi wewe pia omba orodha. Igawe mafungu manne, kwa sababu kila fungu linahitaji nafasi ya aina yake: mikutano ya serikali na mashirika ya kimataifa, makongamano ya wanataaluma kama madaktari, wahasibu na wanasheria, maonyesho ya biashara, na sherehe, yaani mahafali, ibada na karamu za kampuni. Wanaopigia debe miradi hii hupenda kulitaja fungu la kwanza kwa sababu lina bendera na misafara. Ukweli ni kwamba mikutano mikubwa ya aina hiyo huja mara moja moja. KICC iliandaa kongamano la wanawake la Umoja wa Mataifa mwaka wa 1985, mkutano wa mawaziri wa Shirika la Biashara Duniani Desemba 2015, na mkutano wa Afrika kuhusu tabianchi Septemba 2023. Hayo ni mambo ya fahari, lakini huwezi kulipa mishahara ya mafundi wa lifti kwa mkutano unaokuja baada ya miaka kadhaa. Kinacholiweka jumba hai ni maonyesho ya mashine za kilimo, kongamano la wauguzi, mahafali ya chuo.

Ukishapata orodha, anza kutoa. Mikutano mingi ya Umoja wa Mataifa ina kumbi zake Gigiri. Ule wa tabianchi wa 2006 ulifanyika hukohuko. Toa pia ile inayotosheka na hoteli. Kisha kuna Bomas, Lang'ata, ambako serikali ilianza kujenga jumba jipya la mikutano mwaka wa 2025. Atakayekuja na pendekezo la jumba jingine katikati ya mji lazima aeleze litakula nini Bomas ikishafunguliwa. Muulize swali moja na usimwache mpaka alijibu: ni mikutano gani, ya mwaka gani, iliyokataa kuja Nairobi kwa kukosa nafasi, na ilikwenda wapi? Kama jibu ni Kigali, ambako jumba lao lilifunguliwa 2016 likiwa na hoteli ubavuni, uliza zaidi. Walifuata ukumbi, au walifuata viza rahisi na barabara zisizo na foleni? Ukumbi mpya hautibu foleni.

Kama hakuna anayeweza kuitaja hiyo mikutano, mradi usimame hapo. Kuahirisha ni uamuzi halali, na ni wa bei nafuu kuliko yote.

Hatua ya pili: angalia kilichopo kina pengo gani

Hapa wengi huruka, nami naona ndipo penye majibu. KICC ina ukumbi mkubwa, ina vyumba vya mikutano midogo, ina jina linalojulikana dunia nzima. Inachokosa ni sakafu kubwa tambarare iliyo chini ya paa, mahali pa kupanga mabanda mia mbili bila ngazi wala nguzo katikati. Ndiyo maana waandaaji huishia kusimamisha mahema nje, kwenye uwanja wa COMESA. Hema hukodishwa kwa pesa nyingi, mvua ya Novemba hulipiga, na nyaya za stima hulala kwenye matope zikiwa zimefunikwa mbao.

Kwa hivyo kabla ya kuunga mkono jumba zima jipya, uliza gharama ya njia ya kati: kuikarabati KICC, kisha kujenga ukumbi wa maonyesho peke yake karibu nayo, vitumike kama pacha. Mimi binafsi ningeanza hapo. Kurudia ukumbi wa wajumbe ambao tayari tunao ni kutupa pesa, na kuuhamisha uhai wa mikutano kutoka katikati ya mji ni kuwanyima riziki wenye mikahawa, madereva wa teksi, wachapishaji wa mabango kule River Road na wapiga picha.

Hatua ya tatu: pima kwa miguu

Ramani hudanganya. Pointi mbili zilizo karibu kwenye karatasi zinaweza kutenganishwa na Uhuru Highway, na mjumbe mgeni hatavuka barabara hiyo na mkoba mkononi. Chukua kila kiwanja kinachopendekezwa, simama pale litakapokuwa lango, kisha tembea hadi hoteli tatu, kituo cha matatu, mkahawa wa kawaida, benki na duka la dawa. Fanya hivyo saa kumi na moja jioni, mara moja mvua ikinyesha. Nenda na mtu anayetumia kiti cha magurudumu, na umwache yeye aongoze njia. Andika kila mahali anapokwama.

Habari mbaya kwa sisi tunaopenda katikati ya mji ni kwamba vitanda vimepungua. InterContinental, iliyokuwa hatua chache kutoka KICC, ilifungwa 2020. Hilton ikafuata mwishoni mwa 2022. Hoteli mpya zimeinuka Westlands, Upper Hill na Kilimani. Stanley bado ipo, Serena ipo ng'ambo ya Uhuru Highway, lakini mjumbe wa leo huenda akalala mbali na kuletwa kwa basi. Mtetezi wa jumba la katikati ya mji asiufiche ukweli huu. Aonyeshe nani atarudisha vyumba, na aonyeshe barua za wenye hoteli, maana matumaini hayalazi mtu. Upande wa pili wa mizani, barabara ya juu iliyofunguliwa 2022 imewafupishia safari wanaotoka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, na stesheni kuu ya reli ipo papo hapo.

Nitasema wazi viwanja ninavyoviona. Upper Hill ina hoteli na ofisi, ila ina mlima, barabara finyu, na mabomba ya maji taka yaliyowekwa zamani kwa nyumba za bangaloo. Uwanja wa maonyesho wa Jamhuri ni mpana, lakini ukitoka nje ya lango jioni unabaki na Ngong Road na foleni yake. Kasarani ni mbali na vitanda. Ardhi ya reli, kusini mwa Haile Selassie Avenue, ndiyo inayonivutia. Ni eneo ambalo serikali tayari imelipangia mradi wa Railway City, la ekari mia kadhaa, na kutoka stesheni hadi KICC ni chini ya kilomita moja. Ukumbi wa maonyesho ukikaa upande wa kaskazini wa ardhi hiyo, wazo la pacha linawezekana kwa miguu, alimradi kivuko cha Haile Selassie kitengenezwe upya. Kwa sasa mtu huvuka hapo akipenya kati ya matatu zilizopanga mistari mitatu huku mkokoteni wa viazi ukimjia kwa nyuma na mwenyewe akipaza sauti apishwe.

Kuna mahali pasipojadiliwa. Bustani si kiwanja kilichokosa mwenyewe. Mwaka wa 1989 chama tawala kilitaka kusimamisha jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park; Wangari Maathai akapinga, akatukanwa hadharani na wabunge, na mwishowe mradi ukaachwa. Mtu yeyote akileta ramani yenye rangi juu ya Uhuru Park, Central Park au Jeevanjee, jibu liwe fupi.

Hatua ya nne: chunguza ardhi mara tatu

Kwanza karatasi. Fanya upekuzi kwenye Ardhisasa, mfumo wa serikali wa rekodi za ardhi mtandaoni, kisha linganisha na rekodi za Tume ya Taifa ya Ardhi. Hati iwe kwa jina la umma na ibaki hivyo. Tusisahau kwamba KICC, iliyojengwa kwa pesa za wananchi, ilikaa mikononi mwa KANU mpaka serikali ilipoirudisha mwaka wa 2003.

Pili watu. Ardhi inayoitwa tupu mara nyingi ina wachuuzi, mafundi wa mitumba na wapangaji. Muthurwa, kwenye nyumba za zamani za wafanyakazi wa reli, wapangaji walilazimika kwenda Mahakama Kuu kutetea makazi yao. Hesabu wote walio kwenye kiwanja kabla tangazo halijatoka, wenye risiti ya kaunti na wasio nayo. Mahali wanapohamishiwa pawe pamekamilika, vyoo na vibanda na steji ya matatu, kabla ya tingatinga kuwashwa. Mchuuzi akipelekwa kusikopita watu, umemfilisi hata kama umemlipia lori la kuhamia.

Tatu udongo na anga. Nairobi ina tabia mbili chini ya miguu yetu. Upande wa magharibi na kaskazini kuna udongo mwekundu mzuri. Kusini na mashariki kuna ule mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika. Reli ilipofika 1899 ilipiga kambi kwenye tambarare ya majimaji, na tambarare hiyo bado iko palepale chini ya lami. Jengo zito linawezekana, ila msingi lazima ushuke hadi kwenye mwamba, na gharama hiyo ijulikane kwa kuchimba mashimo ya majaribio kote kiwanjani, si mawili kwenye kona moja. Angalia pia mafuriko: waulize wenye maduka maji yalifika wapi Aprili 2024, watakuonyesha alama ukutani. Na kwa kuwa uwanja wa ndege wa Wilson na ule wa kijeshi wa Eastleigh viko karibu, mamlaka ya safari za anga ndiyo itakayosema mnara unaweza kwenda juu kiasi gani. Waulizwe mapema.

Hatua ya tano: chora ukianzia kwa lori

Mchoraji wa kawaida huanza na lango la wageni. Mwambie aanze nyuma. Usiku wa kuamkia maonyesho, trela hufika saa nne likiwa na vyuma, vioo, friji na mashine ya kupakia unga. Kama hakuna njia ya kuingia moja kwa moja hadi kwenye sakafu, vijana hubeba kila kitu mabegani, ubao mmoja watu wawili, wakipita mlango uleule wa wageni na kukwaruza kuta. Kazi ya saa tatu huwa ya usiku kucha, na muonyeshaji huilipia. Mwaka unaofuata hatarudi.

Kwa hivyo taka mambo haya kwenye mchoro: njia ya malori iliyotengana kabisa na ya watu, mahali pa kusubiria malori ndani ya kiwanja ili yasizibe barabara, milango inayopitisha lori zima, sakafu inayohimili tani moja na nusu hadi mbili kwa kila mita mraba, dari isiyopungua mita 9, nguzo zilizo mbalimbali, mita 27 au zaidi, na mashimo ya stima, maji na intaneti sakafuni kila baada ya mita chache.

Jifunze pia kupima ukubwa unaotangazwa. Banda la kawaida ni mita 3 kwa 3, yaani mita mraba 9. Mabanda 200 ni mita mraba 1,800, lakini njia za kupitia hula karibu nafasi sawa na hiyo, kwa hivyo unahitaji kama 3,600 hadi 4,000. Mtu akisema ukumbi unaingiza watu 3,000, muulize wamekaaje. Kwa viti vilivyopangwa mistari, kila mtu anahitaji takriban mita mraba moja. Wakipewa meza, idadi hushuka hadi karibu nusu. Makongamano ya siku hizi yanataka meza. Yanataka pia vyumba vingi vidogo, kwa maana watu 1,000 wakitoka kwenye ufunguzi hugawanyika makundi kumi na tano kwa wakati mmoja.

Vyoo vitoshe dakika kumi za mapumziko, na vya wanawake viwe vingi kuliko vya wanaume, kwa kuwa foleni ndefu huwa upande huo kila mara. Matangi yahifadhi maji ya siku kadhaa; mji huu hutegemea bwawa la Ndakaini na mgao tunaujua. Kisima kinahitaji kibali chake. Jenereta ikae mbali na madirisha ya majirani.

Kuhusu usalama, kiwanja cha Haile Selassie kina kumbukumbu nzito. Tarehe 7 Agosti 1998, kwenye makutano ya barabara hiyo na Moi Avenue, bomu liliua watu zaidi ya 200. Jumba la Ufundi lililokuwa kando likaporomoka, na wengi walipofuka kwa vioo vya madirisha waliyokuwa wamesogelea kutazama. Kwa hivyo ukuta wa kioo unaotazama barabara ukubaliwe tu kama ni kioo kisichotawanyika, na magari yasiyokaguliwa yazuiwe mbali na jengo kwa miti, viti vya zege na tofauti ya kimo. Fanya hivyo bila kuufunga mji. KICC ikiwa na mgeni mkubwa, barabara zinazoizunguka hufungwa, na mwenye duka la karibu hupoteza siku nzima ya mauzo. Jumba jipya lipangwe ili ulinzi ukae ndani ya kiwanja chake na sakafu ya chini inayotazama barabara iwe na maduka na mikahawa iliyo wazi kila siku, kuwe na mkutano au kusiwe.

Hatua ya sita: nani atalipa siku za taa kuzimwa

Chukua hesabu ya mfano. Jengo la shilingi bilioni 10 kwa mkopo wa riba ya asilimia 10 lina riba ya bilioni 1 kwa mwaka. Likikodishwa siku 100, kila siku iliyokodishwa inabeba shilingi milioni 10 za riba kabla hujalipa mlinzi, stima na mfagiaji. Hakuna chama cha wauguzi kitakachotoa hizo. Ndiyo maana majumba haya mara nyingi huhitaji kusaidiwa na umma, na hilo si aibu likisemwa mapema: mji unalipia kwa sababu mgeni analala, anakula na anapanda teksi. Kinachodhuru ni kulificha.

Kama ni ubia na kampuni binafsi chini ya sheria ya 2021, tafuta kifungu kinachosema nani anabeba hasara wageni wasipokuja. Serikali ikiwa imeahidi kujaza pengo, au imejifunga kukodisha siku kadhaa kila mwaka, basi huo ni mkopo wetu ulioandikwa kwa jina lingine. Dai pia kujua jengo linarudi kwa umma lini na likiwa katika hali gani. Angalia Cape Town: jumba lao, lililofunguliwa 2003 katikati ya mji, liko chini ya kampuni ambayo jiji lina hisa nyingi, na upanuzi ulikuja 2018, baada ya biashara kujulikana. Hatua kwa hatua hivyo ndivyo ningetaka hapa: ukumbi mmoja sasa, nafasi ya wa pili iachwe wazi kwenye ramani.

Hatua ya saba: vibali na sauti yako

Sehemu hii ni fupi kwa sababu sheria imeieleza vizuri. Tathmini ya mazingira hupitia NEMA, mamlaka ya mazingira, mchoro hupitia kaunti chini ya sheria ya mipango ya 2019, mradi husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na zabuni hufuata sheria ya ununuzi wa umma ya 2015. Omba nakala ya kila kimoja.

Kikao kikiitishwa, usitegemee zile dakika mbili. Andika waraka wa kurasa mbili kwa niaba ya chama chako, utaje kifungu, kiwanja na swali unalotaka lijibiwe kwa maandishi. Upeleke mwenyewe kabla ya siku ya mwisho iliyotajwa kwenye tangazo, nakala mbili; moja wabaki nayo, ya pili igongwe muhuri wenye tarehe urudi nayo. Piga picha ukurasa wenye muhuri na uwatumie wanachama siku hiyohiyo. Ripoti ya maoni ikitoka, tafuta waraka wako humo kwa jina la chama. Usipouona, nakala yenye muhuri ndiyo utakayoambatisha kwenye pingamizi.